Mwongozo wa Programu Uanze na Maana ya Namba

Idara ya kilimo ikitaka kujua kama wanafunzi wake hapa Mbeya wanaweza kweli kukadiria mbolea ya ekari moja ya viazi mviringo, alama ya jumla ya somo haiwezi kuwajibu. Mwanafunzi anaweza kuondoka na B yake nzuri huku hesabu ya mbolea ikimshinda kabisa, kwa sababu alifidia kwenye maswali ya aina za udongo. Ndiyo maana somo hugawanywa katika matokeo ya ujifunzaji, yaani mambo ambayo mwanafunzi anapaswa kuweza kuyafanya, kila moja likapimwa peke yake. Na ndiyo maana sisi watu wa TEHAMA tunaombwa programu za kuvuta data hizo kutoka kwenye mfumo wa masomo na kumpelekea mkuu wa idara.

Kuiandika programu yenyewe si kazi ya kutisha. Canvas, mfumo wa masomo ambao msimbo wake uko huru tangu 2011, ina anwani maalumu kwa shughuli hiyo: unataja namba ya kozi, unaambatanisha tokeni (msimbo wa siri wa kukuruhusu kuingia), unarudishiwa alama za kila tokeo. Kinachoniuma ni mwongozo. Mara nyingi unaishia kwenye kusakinisha na kuendesha, basi. Mwalimu anafungua faili, anakutana na safu za namba, na hakuna hata mstari unaomwambia zimepatikanaje.

Tuchukue mwanafunzi mmoja aliyepimwa mara tatu katika hesabu ileile ya mbolea. Alianza na 1, akapata 3, akamaliza na 4. Kiwango cha umahiri ni 3. Kwa wastani wa kawaida ana 2.67, kwa hiyo hajafika. Kwa njia inayoipa tathmini ya mwisho uzito wa asilimia 65 na zilizotangulia asilimia 35, ana 3.3, amefika. Kwa njia ya kuchukua alama ya juu kabisa ana 4. Njia zote hizi zimo ndani ya Canvas, na kila tokeo huwekewa njia yake. Mimi naiunga mkono ile ya pili kwa stadi za mikono, maana mtu aliyekosea mwezi wa kwanza na sasa anapatia ameshajifunza. Lakini msimamo wangu hapa hauna uzito: anayesoma jedwali lazima aambiwe ni njia gani imetumika, na aambiwe palepale juu ya safu, si kwenye kiambatisho ambacho hakuna atakayekifungua.

Kuna jambo jingine linaloumiza zaidi kwa sababu halipigi kelele. Canvas kwa kawaida hurudisha vipengele 10 kwa kila ukurasa. Programu isiyofuata kiungo cha ukurasa unaofuata itakuletea sehemu ndogo tu ya darasa la watu 120, bila ujumbe wowote wa hitilafu. Jedwali litapendeza, asilimia zitatoka, na idara itakaa kikao kujadili watu wachache. Mwongozo umwelekeze mwalimu kulinganisha idadi ya wanafunzi kwenye faili na orodha yake ya usajili kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu kisanduku kitupu. Mwanafunzi ambaye hakuwepo siku ya vitendo shambani Uyole hajapata sifuri, hajapimwa. Akiandikiwa 0, wastani wa darasa zima unashuka na mwalimu anaonekana hakufundisha. Hilo ni jambo la haki kwa watu wawili kwa mpigo, na linatatuliwa kwa sentensi moja kwenye mwongozo.

Kuhusu tokeni: ni ufunguo kama nywila, isitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Matokeo ya mwanafunzi ni taarifa binafsi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwongozo huo uandikwe kwa Kiswahili. Najua vyuoni tunafundisha kwa Kiingereza, lakini walimu wakiinamia jedwali kuulizana kwa nini darasa limeanguka, Kiswahili ndicho wanachoulizania. Na kabla programu haijakabidhiwa, apewe mwalimu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, aonyeshwe jina moja kwenye faili na aulizwe: huyu mbona anaonekana hajafika? Asipolipata jibu kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo, irudi kwa aliyeiandika.