Sifuri Nayo ni Jibu

"Kaka, fomu yako inanikatalia."

Alinipigia dada mmoja aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kukusanya takwimu za kaya kwa simu, katika mradi mdogo ambao ukurasa wake niliutengeneza mimi. Alikuwa amekaa kibarazani kwa bibi anayeishi peke yake. Kwenye swali la idadi ya watoto wanaoishi nyumbani aliandika 0, akabonyeza kitufe cha kutuma, ukurasa ukamrudishia maandishi mekundu: "Tafadhali jaza idadi ya watoto." Akaandika 0 tena. Yakarudi yaleyale. Nilipomuuliza amefanyaje, akanijibu bila kusita: "Nimeandika 1 ili niendelee. Nyumba bado nyingi, na jua ndilo hilo."

Kosa lilikuwa langu, nalo lilijificha kwenye neno moja la PHP, lugha ya programu inayofanya kazi kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea fomu: neno empty, maana yake "tupu". Nilikusudia kuzuia fomu iliyoachwa wazi, nikaandika kwamba empty($watoto) ikiwa kweli, fomu irudishwe. Lakini kwa PHP maandishi "0" ni empty. Yamewekwa kapu moja na maandishi yasiyo na herufi hata moja, na null, yaani alama ya kwamba hakuna thamani, na vaiabo (jina linalotunza thamani ndani ya programu) ambayo haijawahi kuwepo. Bibi alikuwa amejibu swali lake kikamilifu. Programu yangu ikamhesabu kuwa amenyamaza.

Watengeneza programu za wavuti wamebishana juu ya jambo hili miaka mingi. Kuna wanaokagua kwa mkato: empty kwenye PHP, au if ("ikiwa") yenye jina la vaiabo peke yake kwenye JavaScript, lugha inayofanya kazi ndani ya kivinjari, basi, msimbo unabaki mfupi na unasomeka. Na kuna wanaotaka kila hali iulizwe kwa jina lake: ipo au haipo, ni null au si null, ni maandishi matupu au ni sifuri. Hawa wa pili huonekana wasumbufu, watu wa kuandika mistari mitano panapotosha mmoja. Mimi naona hawajaeleweka.

Wa mkato nao wana hoja, na haitokani na uvivu. Kila kinachojazwa kwenye fomu ya HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, hufika kwenye seva kikiwa maandishi. Ukibonyeza 0 kwenye simu, kinachofika ni herufi "0", si namba. Kama lugha ingeihesabu namba 0 kuwa uongo na herufi "0" kuwa kweli, thamani ileile ingegeuka kwa kupita tu kwenye fomu. Kwa lugha ambayo Rasmus Lerdorf aliianzisha katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya kurasa za wavuti, kuzifananisha hizo mbili kulikuwa na mantiki. Tena empty haipigi kelele vaiabo isipokuwepo, na hilo lina uzito zaidi tangu PHP 8.0 ya mwaka 2020 ilipoipandisha vaiabo isiyokuwepo kutoka taarifa ndogo hadi onyo kamili. Na kwa sehemu nyingi za fomu haina madhara yoyote. Jina, anwani, ujumbe: hakuna mtu anayeitwa 0.

Wangeweza hata kuitetea hoja yao kwa Kiswahili. Neno sifuri tumelitoa kwenye Kiarabu, sifr, ambalo asili yake ni kitu kitupu. Utupu na sifuri vimekaa nyumba moja tangu zamani.

Ila Kiswahili hichohicho kina namna nzuri sana za kuvitenganisha, na tunazitumia kila siku bila kufikiri. Mtume mtoto jikoni akaangalie sukari. Anaweza kurudi akasema kopo halipo. Anaweza kusema kopo lipo, ila hamna kitu ndani. Au utamkuta mlangoni anacheza, hajaangalia. Kwa jibu la kwanza utalitafuta kopo, kwa la pili utatoa hela ya sukari, kwa la tatu utamtuma tena. Mama yeyote anajua kwamba hayo ni mambo matatu. Ukaguzi wa mkato unayakusanya yote na kukuletea jibu moja: hakuna.

Hilo "hajaangalia" ndilo la kushika zaidi. Tunasema hajajibu, na tunasema hakujibu, na tunasema amejibu kwamba hana. Mwalimu anayejaza matokeo ya darasa hawezi kumpa sifuri mtoto ambaye hajafanya mtihani kwa sababu alikuwa mgonjwa, na akifanya hivyo mzazi atafika shuleni kesho yake asubuhi. Sifuri ni alama. Mtoto alikaa, akaandika, karatasi ikasahihishwa. Null, ikitumiwa inavyostahili, ni hajafanya.

Turudi kwenye fomu, maana matatizo hayakuishia kwenye seva. Katika JavaScript maandishi "0" ni kweli, na namba 0 ni uongo. Kwa hiyo ukaguzi wa kwenye kivinjari, unaosoma kilichoandikwa kisandukuni, uliipitisha "0" ya bibi bila neno, ikafika kwenye seva, PHP ikaikataa. Lugha mbili za ukurasa mmoja zilikuwa zikibishana juu ya herufi moja, na aliyelipia mabishano hayo ni dada aliyekaa kibarazani. Kuna pia njia ya kinyume. Mwingine angekigeuza kisanduku kuwa namba kwa kutumia Number, na JavaScript ikipewa maandishi matupu hapo hurudisha 0. Sasa aliyenyamaza anaandikwa kuwa amesema hana mtoto. Hili la pili lina hatari zaidi kwa sababu halirudishi maandishi mekundu. Linapita kimya kimya hadi kwenye ripoti.

Na ripoti ndiko ninakotaka tukae kidogo, maana hapo ndipo watu huniambia kwamba nakuza mambo. Chukua kaya 10. Sita zina watoto, jumla yao 24. Nne hazina mtoto hata mmoja. Wastani ni 24 kugawanya kwa 10, yaani watoto 2.4 kwa kaya. Tuseme programu ikiona 0 inaihifadhi kwenye kanzidata kuwa null, kwa kuwa mwandishi wake aliona 0 ni empty. AVG, amri ya kutafuta wastani katika SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, huziruka null. Haizihesabu kuwa sifuri, haizihesabu kabisa. Itagawanya 24 kwa 6 na kukupa 4. Kaya ni zilezile na watoto ni walewale, lakini wastani umetoka 2.4 ukawa 4. Ukipanga madawati au vyandarua kwa wastani huo, utapeleka zaidi ya mara moja na nusu ya mahitaji.

Sasa chukua njia ya yule dada, ya kuandika 1 ili kazi iende. Jumla inakuwa 28, wastani 2.8. Unaonekana wa kawaida kabisa, na hakuna msimamizi atakayeutilia shaka. Lakini kaya nne zisizo na watoto zimefutika duniani. Yeyote atakayeiuliza kanzidata ile ni wazee wangapi wanaishi bila mtoto nyumbani, ataambiwa hakuna, na swali hilo huenda ndilo lililowapeleka watu vibarazani tangu mwanzo.

Kwenye fedha ni hivyohivyo, ila huko hugundulika mapema kwa kuwa kuna anayeumia mfukoni. Mfumo wa duka unaandika punguzo || 10 (alama ya || ni "au"), ukimaanisha kwamba mwenye duka asipotaja punguzo basi liwe asilimia 10. Mwenye duka anaandika 0 kwa makusudi, kwenye mzigo wa shilingi 50,000. JavaScript inaiona 0 hiyo ikiwa imekwisha kugeuzwa namba, inaihesabu uongo, inaweka 10, na shilingi 5,000 zimeondoka. Dawa ya kilio hiki ni alama ya ??, iliyoingia PHP 7.0 mwaka 2015 na JavaScript mwaka 2020. Hiyo huweka thamani ya akiba pale tu ambapo thamani halisi haipo au ni null. Sifuri huiacha ilivyo. Waliopigania alama hiyo ndio haohao wanaoitwa wasumbufu.

Watetezi wa mkato hupenda kumtaja Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, aliyeingiza null kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965 na mwaka 2009 akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Ikiwa baba wa null mwenyewe ameijutia, wanasema, kwa nini tuilinde? Afadhali kila kitu kijazwe "" au 0 tangu mwanzo. Nadhani wanamnukuu upande. Alichojutia ni kwamba rejeo lolote, yaani vaiabo inayoelekeza kwenye kitu kingine, liliweza kuwa null bila kikusanyaji, programu inayotafsiri msimbo, kumlazimisha mtu alikague. Hakusema ukosefu ufichwe. Lugha zilizotibu jambo hilo, kama Kotlin, na TypeScript tangu toleo la 2.0 la mwaka 2016 kwa anayewasha ukaguzi huo, zilifanya kinyume: zinakutaka utangaze wazi kwamba thamani hii inaweza kukosekana, kisha haziachi upite bila kuikagua.

Nisiwapambe wakaguzi wakali kupita kiasi. Wapo wanaosikia kwamba empty ni mbaya, wanaibadilisha yote kuwa isset, neno jingine la PHP, wanalala wakidhani wamepona. Isset huuliza tu kama kitu kipo na si null. Kisanduku cha maandishi kilichoachwa wazi bado hutumwa na kivinjari, kikiwa maandishi matupu, na isset hukipokea kwa mikono miwili. Kisanduku cha kutia tiki kina tabia nyingine: kisipotiwa tiki hakitumwi kabisa, kwa hiyo kwake kutokuwepo ndiyo hapana yenyewe. Halafu kuna nafasi. Simu nyingi huongeza nafasi ukichagua neno linalopendekezwa, na maandishi yenye nafasi moja tu si empty wala si null. Hakuna ukaguzi mmoja wa kuyamaliza hayo yote, na anayedai anao hajakaa na watu wanaojaza fomu.

Pia gharama ya ukali ni ya kweli. Kila swali linalotofautisha haipo, tupu na sifuri ni tawi jingine la msimbo, la kuandikwa, kujaribiwa na kutunzwa. Kwa ukurasa wa kutoa maoni ningetumia mkato leo hii. Swali langu kabla ya kuamua ni moja tu: je, kuna mtu duniani ambaye jibu lake halali hapa ni 0? Watoto, ng'ombe, deni, punguzo, dozi alizokwisha kupata mtoto, siku alizokosa shule. Akiwepo hata mmoja, mkato haufai.

Fomu ile niliirekebisha jioni hiyohiyo. Niliweka filter_var, amri ya PHP inayokagua namba kamili, ambayo hurudisha 0 kwa aliyeandika 0 na false, yaani uongo, kwa aliyeacha wazi au kuandika kisichoeleweka, nikalinganisha kwa alama tatu za sawasawa (===), maana kwa mbili (==) PHP ingesema 0 na false ni kitu kimoja. Hiyo ilikuwa kazi ya dakika kumi. Zile 1 zilizokwisha kuingia ndizo zilizonishinda. Kaya yenye mtoto mmoja kweli na kaya ya bibi zilifanana kwenye kanzidata, na hakuna swali la SQL la kuzitenganisha. Nikampigia dada kumuuliza ni nyumba zipi aliandika 1 ili aendelee. Alizikumbuka tatu. "Zilikuwa zaidi ya hizo, kaka," akasema, "ila nyingine sizikumbuki."