Kunguni Si Wangu

Saa nne na dakika kumi, amefika. Hata kabla sijamsikia, paka wa gorofa ya pili ameshatoroka. Kisha sauti: "Panya! Mende! Kunguni! Viroboto! Dawa ya kumaliza kabisa! Hamsini, hamsini tu!" Spika inakwaruza sekunde mbili, halafu panya tena, mende tena, kunguni tena. Wiki tatu sasa. Juzi nimejikuta nakoroga uji huku naitikia "viroboto" kwa sauti ya besi, kama mtu wa kwaya.

Zamani sikujua kama huyu mtu yupo duniani. Miaka sita nimekaa mtaa wa Pipeline, Nairobi, na nilichokijua ni kwamba nikitoka asubuhi kuna giza na nikirudi jioni kuna giza. Kumbe katikati kuna mchana, na mchana wa ploti una wenyewe! Haya nimeyagundua baada ya tajiri wetu kutukusanya kwenye godauni kule Industrial Area, akakohoa, akasema mzigo umekwama, hebu pumzikeni nyumbani kidogo, mtapigiwa simu. Kidogo. Nyinyi si wageni, mnaijua kidogo ya matajiri.

Siku ya kwanza nililala hadi saa tatu nikajiona mbunge. Siku ya pili nikapanga vyombo. Siku ya tatu nikavipanga tena, safari hii kwa urefu. Siku ya nne mke wangu akaniomba, kwa upole wa kutisha, nisiguse vyombo vyake.

Televisheni nayo inakula tokeni, na mnunuzi wa tokeni siku hizi ni yeye, anayeamka saa kumi usiku kwenda viwandani EPZ Athi River kushona suruali za Wamarekani. Mtu kama huyo utamwambiaje stima imeisha kwa sababu ulikuwa unamngoja Mfilipino fulani amtambue mamake mzazi? Kule kwa kinyozi kuna drafti ya vifuniko vya soda, lakini wale vijana wana miaka minne bila kazi, wamebobea. Nilifungwa mara kumi na moja na kijana ambaye hata hakuwa anautazama ubao. Alikuwa ananyolewa.

Nilifikiria pia kwenda mjini, bustani ya Jeevanjee, pale wanaume wanapokutana kuitatua nchi chini ya miti kuanzia asubuhi hadi miguu iwaume. Nikapiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi nikaona nchi inaweza kungoja. Halafu yale maneno si mchezo. Sanamu ya Malkia Victoria ilisimama pale tangu 1906 ikisikiliza tu, mpaka 2015 kichwa kikaitoka.

Na mtu asiniambie ati hii ni kama kafyu. Kafyu ya korona ya 2020 ilikuwa starehe! Ilianza Machi tukiwa wote ndani, tajiri kwake, sisi kwetu, Waziri wa Afya Kagwe kwenye televisheni akisoma idadi ya wagonjwa, na saa moja jioni ikipita hakuna aliyekuuliza mbona uko nyumbani. Ukionekana nje ndipo ulipoulizwa, tena kwa rungu. Sasa nimefungiwa peke yangu, nchi yote imeenda kazini, na mtoto wa jirani, wa chekechea, amenisimamia mlangoni na kamasi yake akaniuliza, "Baba Kevo, wewe ni mgonjwa?"

Basi leo nikasema liwalo na liwe, hii spika lazima izimwe. Nikavaa shati la kola na viatu vya kazini, kwa sababu huwezi kwenda kumkemea mtu na ndara. Nikashuka gorofa tano polepole, nikipanga maneno. Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa na neno "utaratibu" mara tatu.

Kitu ambacho sikukipanga ni kwamba leo ni Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ya maji. Ua wote ulikuwa wanawake na mitungi, foleni kutoka mferejini hadi langoni, na yule kijana amesimama katikati yao na koti lake la mvua, begi la vichupa begani, spika kifuani.

"Kijana, habari yako?"

"Poa sana, mzee. Ni panya ama ni wale wengine?"

"Wale wengine gani?"

Akasogea karibu, akainama, akashusha sauti. Yeye ndiye aliyeshusha, spika ilibaki palepale. "Kunguni."

"Mimi sina kunguni."

"Sawa, mzee," akasema, kwa ule upole wa daktari. "Wako kitandani tu ama wameshafika kwenye viti?"

Hapa lazima niseme kitu kwa wale wenye nyumba zenye ua na mbwa. Ploti ina sheria zake. Dawa ya panya inanunuliwa hadharani, hata kwa majivuno, kwa sababu panya ni wa mwenye ploti. Mende ni wa kila mtu. Lakini kunguni ni wako, jina lako na namba ya mlango wako. Dawa ya kunguni inanunuliwa mtaa wa tatu, jioni, umevaa kofia. Na mimi hapo nimesimama saa nne mchana, nimevaa shati la kola, nikinong'onezwa na muuza dawa mbele ya foleni nzima ya maji.

"Nimekuja kuhusu hiyo spika yako," nikasema. "Izime."

"Haizimiki. Kitufe kilikwama mwezi wa tano. Mpaka betri iishe."

"Na betri huisha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Wewe mwenyewe unaivumilia vipi?"

"Ati?" akauliza. Nikagundua kijana ameshakuwa kiziwi wa upande mmoja, nikaanza kumhurumia, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilimshika bega. Kwa mbali ikaonekana tunaelewana bei.

"Pole, Baba Kevo," akasema Mama Shiku kutoka kwenye foleni.

"Pole ya nini?"

"Ah, pole tu."

Aliyekuwa nyuma yake akauvuta mtungi wake nusu hatua. Mwingine akaanza kujikuna mkono. Jamani, kujikuna kunaambukiza kuliko kunguni wenyewe. Ilipita kwenye foleni kama upepo kwenye ngano, mmoja shingo, mwingine kiwiko, na mimi mwenyewe, Mungu nisamehe, nikasikia mgongo unaniwasha, nikajikuna. Mbele ya mashahidi.

"Mimi sina kunguni!" nikapaaza sauti, nipate kuishinda spika. Spika, ambayo kwa wiki tatu haijawahi kunifanyia hisani hata moja, ikachagua wakati huohuo kuingia zile sekunde mbili za kukwaruza. Sauti yangu ikapanda gorofa zote saba ikarudi. Madirisha yakafunguka. Kisha spika ikanijibu, "Panya! Mende! Kunguni!"

Yule kijana akaona mteja wake anadhalilishwa, akasimama kunitetea. Sijui nani alimwomba. "Kina mama, msimcheke mzee," akasema. "Kunguni si uchafu! Hata hoteli kubwa za Ulaya wako. Huyu mdudu anaweza kukaa miezi bila kula, anakungoja tu, na anajua utarudi kulala." Miezi bila kula! Mimi ni wiki tatu tu za strungi na mkate mkavu, na mshipi nimeshauongezea tundu kwa msumari. Niliondoka pale na heshima fulani kwa yule mdudu.

Niliondoka wapi, nani aliniruhusu? Keateka, msimamizi wa ploti, alikuwa ameshafika. Huyu bwana choo kikiziba hapatikani siku nne, lakini kunguni wa mtu alikuja mbio na daftari. "Baba Kevo," akasema, "hili si jambo lako peke yako, hili ni jambo la ploti." Akaamua palepale: godoro litolewe, likaguliwe, lianikwe juani. Nikamuuliza jua lipi? Huu ni mwezi wa saba Nairobi, mawingu yamekaa juu yetu kama sufuria iliyofunikwa, na hata Januari jua la Pipeline halifiki chini, linaishia kwenye nguo za watu wa gorofa ya saba. "Paani," akasema.

Tukapanda. Mimi mbele kama mshtakiwa, keateka na daftari, kijana wa dawa na spika yake ikitangaza msafara kila ngazi, na nyuma Mama Shiku na wengine wawili walioacha mitungi foleni, jambo ambalo sijawahi kuliona Jumanne. Nilipofungua mlango wakaingia wote bila kuvua viatu.

Godoro likainuliwa. Kijana akawasha tochi ya simu, akapiga magoti, akapitia mishono ya godoro kidole kwa kidole, kisha nyufa za kitanda. Nitakuwa mkweli, kijana anajua kazi yake, nilitamani tajiri wetu amwone. Chini ya godoro tukapata kijiko kilichopotea tangu Pasaka, soksi ya Kevo, na bahasha.

Mimi ndiye niliyeifungua, kwa haraka ya mtu anayetaka kuonyesha hana cha kuficha. Ndani kulikuwa na shilingi elfu nne na mia tano. Noti zimekunjwa vizuri, na mpira wa nywele juu yake.

Nyumba ikanyamaza. Spika peke yake ndiyo haikunyamaza.

"Hm," akasema Mama Shiku. Huyu Mama Shiku, niwakumbushe, ndiye mweka hazina wa chama chao. "Na Mama Kevo alituambia Jumapili kwamba mwezi huu mambo ni magumu, hana hata mia."

Mimi nami nilikuwa nimeambiwa vivyo hivyo. Nilikuwa nimeambiwa nikiwa nimeshika kikombe cha chai isiyo na maziwa! Lakini mtu unafanyaje? Huwezi kumsaliti mke wako mbele ya mweka hazina. Nikasema pesa ni zangu. Keateka akafunua daftari upande wa pili, akatoa miwani, akaniuliza kama ni zangu basi kodi ya mwezi huu ilikuwa imekwama wapi.

Nitaruka hapo. Naomba mniruhusu niruke. Ninachoweza kusema ni kwamba bahasha sasa ina elfu moja na mia tano, na nimepewa risiti.

Na kunguni je? Hakuna hata mmoja. Kijana alitangaza kwa sauti, nyumba hii ni safi. Nikanyoosha kola yangu, nikawageukia wale mama. Keateka akatikisa kichwa. "Mchana hawaonekani," akasema. "Hutoka usiku." Na kweli hutoka usiku, hilo siwezi kulibisha. Sasa mtu atajitetea vipi kwa kesi ambayo ushahidi hutoka watu wakiwa wamelala? Ili mambo yaishe nikanunua kichupa. Hamsini. Mtu asiye na kunguni, asiye na kazi, amenunua dawa ya kunguni kwa pesa za siri za mke wake. Bahasha ina elfu moja mia nne na hamsini.

Ndiyo maana sasa niko huku paani, saa kumi na nusu, nalilinda godoro lisiibwe. Jua halijatokea, kuna manyunyu, na godoro lilikuwa kavu kabla ya kuanikwa. Nimehesabu ndege kumi na saba zikishuka uwanjani JKIA. Moja ilikuwa chini kiasi kwamba kama ningekuwa na kazi ningeogopa. Paa la pili kuna mwanaume mwingine, amevaa shati la kola, amekaa juu ya ndoo akilinda zulia. Tumepungiana mikono. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Viatu vyake ni vya kazini.

Hapo awali simu ililia, namba nisiyoijua. Nikaruka, nikasafisha koo, nikafunga kifungo cha juu, nikasema "haloo" ile ya ofisini. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza mahali nilipoweka kitambulisho cha getini.

"Baba Kevo?" Sauti ya mwanamke, ananong'ona. "Ni mimi wa gorofa ya tatu. Ile dawa... umeimaliza yote?"

Nikamwambia bado hata sijaifungua.

"Nitume mtoto na kikombe? Lakini usimwambie mtu. Sana sana Mama Shiku."

Nikamwambia nusu chupa ni thelathini. Akasema ana ishirini. Nikamwambia basi aongeze na majani ya chai, tukakubaliana, na mtoto amekuja sasa hivi, yuleyule wa kamasi, amenishikia kikombe na ananitazama nikimimina.

"Kumbe unafanya kazi," amesema.

Nimemwambia ashuke polepole, ngazi zimeloa. Mama Kevo anafika saa moja kasorobo. Godoro upande wa kulia limelowa, kwa hiyo huo utakuwa wangu. Hesabu ya bahasha nimeirudia mara tatu na bado haipandi. Na huko mtaa wa nyuma namsikia, anaelekea huku tena, na betri haijaisha.