Kingo kali hazitokani na mkono peke yake

Makala moja inasema mchoro wa mpiga gitaa wa sanaa ya pop (mtindo wa rangi kali na mistari mizito kama ya katuni) unataka mkono usiotetemeka. Sawa, lakini kingo zile kali ni kazi ya utepe wa karatasi. Ubandike, kandamiza kingo, kisha pitisha kwanza rangi ileile iliyo chini yake: inaziba mianya, na hata ikivuja haionekani. Ikikauka, paka rangi mpya ya akriliki tabaka 2 au 3 nyembamba, maana rangi kama njano haifuniki kwa mkupuo mmoja. Bandua utepe tabaka la mwisho likiwa bado bichi, la sivyo rangi inachanika nao. Vitone vya kivuli vipigwe kwa sponji iliyo karibu kukauka, juu ya stensili (karatasi ngumu yenye matundu). Ikilowa vinaungana, na uso wa mwanamuziki unageuka doa. Mistari myeusi mwisho kabisa, jamani.