Serikali Ikifungwa, Mshahara Unakuwa Sifuri

Mwezi wa Novemba 2025 mamangu alinipigia simu kutoka Likoni, Mombasa. Kasikia redioni kwamba serikali ya Marekani imefungwa. "Imefungwa vipi, kama duka?" Nikamwambia karibu hivyo. "Na wewe uko wapi?" Niko kazini, mama, ndege zinaruka. Akanyamaza kidogo. "Basi huo ufunguo anao nani?"

Mimi husukuma viti vya magurudumu katika kiwanja cha ndege cha Minneapolis, Marekani. Nawapokea wazee na wagonjwa kaunta, nawafikisha hadi mlango wa ndege. Mshahara wenyewe mdogo. Kinachonisukuma mwezi ni bakshishi.

Tangu tarehe 1 Oktoba, Bunge lao lilikuwa halijapitisha fedha za kuendesha serikali, na zisipopita, serikali hufungwa. Waongoza ndege takriban 13,000 na wakaguzi wa abiria wapatao 50,000 waliambiwa waje kazini, mshahara baadaye. Tarehe 28 Oktoba waongoza ndege walipata karatasi ya mshahara iliyoandikwa sifuri. Kuna mkaguzi mmoja, mama wa makamo, ambaye kila alfajiri hunitania kuhusu koti langu. Wiki hiyo hakunitania. Aliniuliza kwa sauti ya chini treni ya mjini ni nauli gani, maana gari ameliacha nyumbani, hana pesa ya petroli. Mtumishi wa serikali tajiri kuliko zote duniani ananiuliza nauli mimi, mtu wa Likoni!

Tarehe 7 Novemba wakaanza kupunguza safari katika viwanja 40, chetu kikiwamo, kwa sababu waongoza ndege waliobaki walikuwa wamechoka. Safari ikifutwa, mzee wangu wa kusukuma haji, na bakshishi yake haiji. Siku moja nilimaliza zamu ya masaa manane na dola 11 mfukoni.

Nyumbani watu wangefanya nini? Tunajua. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa JKIA, kiwanja cha ndege cha Nairobi, waliweka zana chini wakipinga mpango wa kuipa Adani, kampuni ya India, kiwanja hicho, abiria wakajaa nje na masanduku yao, na jioni viongozi wa chama cha wafanyakazi walikuwa wameshafikia makubaliano na serikali. Huku Marekani, mwongoza ndege akigoma anavunja sheria. Mwaka 1981 Rais Reagan aliwafuta kazi zaidi ya 11,000 waliogoma. Kwa hiyo hawagomi, wanaugua. Tarehe 25 Januari 2019, siku ya 35 ya kufungwa kwa serikali wakati ule, waongoza ndege wachache tu hawakufika kazini, ndege za kwenda kiwanja cha LaGuardia, New York, zikazuiwa kwa muda, na siku hiyohiyo wanasiasa wakapatana. Siku 34 za njaa ya watu hazikuwa zimewashtua.

Na msidhani wakubwa wa huku wana haya kuliko wa kwetu. Mwaka 2011 idhini ya Bunge kwa mamlaka yao ya anga iliisha kwa karibu wiki mbili. Wafanyakazi wapatao 4,000 wakarudishwa nyumbani, ujenzi viwanjani ukasimama, na kodi ya tiketi ikakosa nguvu ya kisheria. Unadhani tiketi zilishuka bei? Mashirika mengi ya ndege yalipandisha nauli kwa kiasi kilekile, yakatia mfukoni. Mafuta yakishuka, matatu za Likoni hufanya vivyo hivyo.

Lakini sitawadanganya kwamba kwetu ni bora. Katiba yetu ya Kenya inaruhusu Bunge kutoa fedha kiasi hata bajeti ikichelewa, kwa hiyo serikali haifungwi. Shemeji yangu ni muuguzi wa kaunti, amewahi kukaa miezi mitatu bila mshahara huku serikali iko wazi kabisa, na hakuna redio ya Marekani iliyotangaza. Huku angalau kuna sheria ya mwaka 2019 inayosema watumishi wa serikali watalipwa malimbikizo. Inasema watumishi wa serikali. Sisi wa viti na wafagiaji tumeajiriwa na kampuni. Siku zetu zimekwenda na maji.

Serikali ilifunguliwa tarehe 12 Novemba, baada ya siku 43. Yule mama amelipwa. Baadaye alininunulia kahawa, akalitania koti langu tena. Nikamuuliza kama ameanza kuja na gari. Akasema bado anapanda treni, pesa ya petroli anaiweka: bajeti waliyopitisha ilikuwa ya kufika tarehe 30 Januari 2026 tu.