Nathani Hakumtaka Daudi Ajiuzulu: Trump na Wakosoaji Wake wa Kanisani

Tarehe 19 Desemba 2019, siku moja baada ya Baraza la Wawakilishi kupiga kura ya kumshtaki Rais Donald Trump, jarida la Christianity Today lilichapisha tahariri likitaka aondolewe madarakani. Magazeti kadhaa ya Marekani yalikuwa yamekwisha kusema hivyo bila kumshtua mtu. Tahariri hii ilishtua kwa sababu ya nyumba ilikotoka. Jarida hilo lilianzishwa mwaka 1956 na mhubiri Billy Graham. Linapinga utoaji mimba, linashikilia ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, na wasomaji wake wengi ni Wakristo wa kiinjili (Waprotestanti wanaosisitiza wokovu na Biblia), kundi ambalo miongoni mwa weupe lilimpa Trump takriban kura nane katika kila kumi mwaka 2016. Safari hii rais alikuwa akikosolewa na jamaa zake mwenyewe.

Mhariri mkuu, Mark Galli, hakuandika kama mtu wa chama cha upinzani. Alikiri kwamba Wademokrat walikuwa wakimwinda Trump tangu siku ya kwanza, na kwamba rais hakupewa nafasi ya kutosha kueleza upande wake. Kisha akaingia kwenye kiini: rais alitumia mamlaka ya ofisi yake kumshinikiza kiongozi wa nchi nyingine amchafue mpinzani wake wa kisiasa. Alikuwa akizungumzia simu ya tarehe 25 Julai 2019, ambamo Trump alimwomba Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine achunguze habari za Joe Biden na mwanawe, wakati msaada wa kijeshi wa dola milioni 391 ukiwa umezuiwa. Galli alisema huko ni kuvunja Katiba, na baya zaidi, ni uovu. Halafu akawageukia wafuasi: kumbukeni ninyi ni nani na mnamtumikia nani, mfikirie jinsi utetezi wenu kwa mtu huyu unavyougusa ushuhuda wenu kwa Bwana na Mwokozi wenu.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyouma. Trump alijibu kwa kuliita jarida hilo la mrengo wa kushoto kabisa. Franklin Graham, mwana wa mwasisi, akafichua kwamba baba yake, aliyefariki Februari 2018, alimpigia Trump kura. Viongozi karibu 200 wa makanisa na taasisi wakatia sahihi barua ya kulilaumu jarida kwa kuwadharau mamilioni ya waumini.

Ni rahisi kuwaona waliosaini barua ile kuwa watu waliouza imani yao kwa nafasi ya kupiga picha Ikulu ya Marekani. Nakataa kuanzia hapo, kwa kuwa hoja yao ina uzito na wengi wao waliifikia baada ya kutafakari. Mnamo 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilihalalisha ndoa za jinsia moja katika majimbo yote. Katika miaka hiyohiyo watawa wa shirika la Little Sisters of the Poor, ambao kazi yao ni kuwatunza wazee maskini, walikuwa mahakamani wakipambana na serikali ya Barack Obama kuhusu bima ya wafanyakazi wao kugharamia dawa za kuzuia mimba. Fundi keki mmoja wa Colorado naye alikuwa na kesi kwa kukataa kutengeneza keki ya arusi ya wanaume wawili. Waumini hawa waliona ukuta unawasogelea. Mwaka 2016 walikuwa na wagombea wawili wenye nafasi ya kushinda, na mmoja wao aliahidi waziwazi kuwaletea majaji wa aina waliyoitaka.

Na aliwaletea. Kufikia siku ya tahariri ya Galli, Neil Gorsuch na Brett Kavanaugh walikuwa wamekwisha kukalia viti vyao Mahakama ya Juu. Ubalozi wa Marekani nchini Israeli ulikuwa umehamia Yerusalemu Mei 2018. Mchungaji Mmarekani Andrew Brunson alikuwa ameachiwa kutoka kifungo cha Uturuki Oktoba mwaka huohuo. Katika juma lake la kwanza ofisini, Trump alirudisha marufuku ya fedha za Marekani kwa mashirika ya nje yanayohusika na utoaji mimba, hatua iliyoyafikia hadi mashirika ya afya ya Kenya na Uganda. Kisha tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu, zikiwemo kura za majaji wote watatu aliowateua (wa tatu akiwa Amy Coney Barrett), ilifuta uamuzi wa 1973 uliokuwa umeufanya utoaji mimba kuwa haki ya kikatiba. Watu walikuwa wameandamana kila Januari kwa karibu nusu karne wakiliombea jambo hilo. Mkosoaji asiyekubali kwamba kura ya 2016 ndiyo iliyolizaa hajawatendea haki anaowakosoa.

Huko ndiko kulikotoka mfano wa Koreshi, uliohubiriwa sana katika makanisa yaliyomuunga mkono. Koreshi wa Uajemi hakumjua Mungu wa Israeli, lakini Isaya 45 inamwita masihi wa Bwana, kwa kuwa ndiye aliyewafungulia Wayahudi njia ya kurudi kwao. Kwa hiyo, walisema, usimpime rais kama unavyompima mzee wa kanisa. Mpime kwa mlango anaoufungua.

Mfano huo naukubali, lakini wengi wa walioutumia waliuacha nusu njia. Zerubabeli na wenzake walipokea waraka wa Koreshi, wakafunga mizigo, wakaenda kujenga. Hakuna mahali walipoombwa kuapa kwamba mfalme yule ni mtu mwema, na hawakumwita adui wa Mungu kila aliyesema vinginevyo. Kumkubali Koreshi kwa ajili ya waraka wake ni jambo moja. Kumsafisha ni jambo lingine, nalo ndilo lililotendeka Marekani.

Ushahidi wa hilo uko katika mizani yao wenyewe. Juni 1998, wakati Rais Bill Clinton akiandamwa na kashfa ya uhusiano wake na Monica Lewinsky, Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, walipitisha azimio kuhusu tabia ya viongozi wa umma. Lilisema kwamba kuvumilia uovu mzito wa viongozi huunguza dhamiri ya jamii, huzaa uasi wa sheria, na hakika huleta hukumu ya Mungu. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi anayefanya uovu katika maisha yake ya faragha anaweza bado kutenda kwa uadilifu katika kazi ya umma. Miongoni mwa weupe wa kiinjili, asilimia 30 tu walisema ndiyo. Swali lilelile lilirudiwa mwaka 2016, na safari hii waliosema ndiyo walikuwa asilimia 72.

Imani haikubadilika kiasi hicho kwa miaka mitano. Kilichobadilika ni jina la anayeshtakiwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Albert Mohler, mkuu wa seminari ya Wabaptisti huko Louisville, aliliona hilo mapema kuliko wengi. Mwaka 2016 alisema kwamba akimuunga mkono Trump itambidi arudi kumwomba radhi Clinton. Aprili 2020 akatangaza kwamba atampigia Trump kura. Alieleza sababu zake, nyingi zikihusu mimba na mahakama, na binafsi naamini alizitoa kwa moyo safi. Lakini lile deni la 1998 alilolitaja kwa kinywa chake halikuondoka kwa sababu majaji walikuwa wazuri. Christianity Today, kwa upande wake, lilikuwa limesema mwaka 1998 kwamba Clinton hafai tena kuongoza kwa sababu ya uongo wake, na Galli aliyanukuu maneno yale upya na kuyaelekeza kwa Trump. Hapo alikuwa sawa kabisa.

Nisipokubaliana na Galli ni kwenye dawa aliyoiandika. Nabii Nathani alipomwendea Mfalme Daudi baada ya habari ya Bathsheba na Uria, alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hakumtaka ajiuzulu. Nathani mwenyewe alibaki katika jumba la mfalme, na miaka baadaye yeye ndiye aliyesaidia kumweka Sulemani kwenye kiti cha enzi. Galli aliruka kutoka hukumu ya maadili, ambayo mhariri wa Kikristo ana haki nayo yote, hadi hukumu ya kumwondoa madarakani, ambayo mbele ya Seneti, bunge la juu linalosikiliza kesi ya rais, inahitaji ushahidi, mashahidi na tafsiri ya sheria. Mwanateolojia Wayne Grudem alimshika hapohapo katika majibu yake ya mwisho wa Desemba 2019: rais kumwomba kiongozi wa nje achunguze tuhuma za rushwa si kosa kwa lenyewe, na dhamira mbaya inapaswa kuthibitishwa, si kudhaniwa. Mimi naiona simu ile kuwa mbaya kuliko alivyoiona Grudem. Hata hivyo hoja yake ilistahili jibu, na tahariri ile fupi haikulibeba.

Kosa la pili la wakosoaji lilikuwa sauti yao. Galli aliandika kana kwamba wafuasi wamesahau imani yao. Mama wa Alabama aliyempigia Trump kura kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa hakuwa amesahau chochote. Alikuwa amepima, akaumia, akachagua. Ukimwambia amepofuka, unampeleka moja kwa moja kwa mtu anayemwambia kwamba wasomi wa kanisa wanamdharau. Wakristo Weusi wa Marekani, ambao wengi wanakiri imani hiyohiyo ya kiinjili na walimpinga Trump kwa wingi tangu mwanzo, wangeweza kuzungumza na mama huyo kwa lugha nyingine, ya watu waliozoea kupiga kura bila kumwabudu waliyempigia. Katika mabishano yale ya Desemba hawakusikika vya kutosha.

Hata hivyo, ubaya wa sauti ya mkosoaji hauondoi wajibu wa mkosolewa. Seneti ilimwachia Trump huru tarehe 5 Februari 2020, na Mitt Romney, Mmormoni na mhafidhina, akawa seneta pekee wa Republican kupiga kura ya kumtia hatiani, akisema alikuwa ameapa mbele za Mungu kutenda haki bila upendeleo. Kesho yake asubuhi kulikuwa na ile hafla ya kila mwaka ya maombi na kifungua kinywa jijini Washington. Mzungumzaji mkuu, Arthur Brooks, mhafidhina wa siku nyingi, aliwauliza waliohudhuria ni wangapi wanampenda mtu wasiyekubaliana naye kisiasa, akawasihi washike agizo la Yesu la kuwapenda adui. Trump alikuwa ameingia ameinua gazeti lenye kichwa cha habari cha kuachiwa kwake. Alipopanda jukwaani alimwambia Brooks kwamba hajui kama anakubaliana naye. Kisha, bila kutaja jina, akasema yeye hawapendi watu wanaotumia imani yao kuhalalisha jambo wanalojua ni baya. Kila mtu ukumbini alijua anamsema Romney.

Katika ukumbi ule walikuwepo wachungaji wenye nafasi ya kumpigia simu rais. Hawakutakiwa kurudisha majaji wala ubalozi. Ilitosha mmoja wao aseme hadharani wiki ile: Bwana Rais, Brooks alikuwa akinukuu Mathayo 5, na hapo hakuna la kutokubaliana.

Ukimya wa namna hiyo una gharama, na gharama hiyo imewafikia wafuasi wenyewe. Julai 2024 ilani ya chama cha Republican iliandikwa upya. Mwaka 2016 ilikuwa imedai ulinzi wa kikatiba kwa mtoto aliye tumboni na kuitaja ndoa kuwa ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Katika ilani mpya suala la mimba liliachiwa majimbo, na ufafanuzi wa ndoa ukaondolewa. Mike Pence, aliyekuwa makamu wa Trump, alisema hilo limewavunja moyo sana mamilioni ya Warepublican wanaotetea uhai. Novemba, takriban wanane katika kumi ya weupe wa kiinjili walimpigia Trump kura tena. Mpangaji yeyote wa kampeni angesoma hesabu hiyo jinsi ilivyosomwa: kura hizi zipo hata ahadi ikipunguzwa.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wa pili, rais alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi na kuzuia misaada ya maendeleo kwa nchi za nje. World Relief, shirika la Wakristo wa kiinjili wenyewe lililoanzishwa mwaka 1944, limekuwa likipokea wakimbizi viwanja vya ndege na kuwapangia nyumba kwa miongo mingi. Likajikuta linapunguza wafanyakazi na kuandika maombi kwa serikali ambayo weupe wengi wa kiinjili waliichagua. Taifa lililokuwa limetoa wakimbizi wengi kuliko yote waliopokelewa Marekani katika mwaka wa fedha wa 2024 lilikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na miongoni mwa waliosubiri safari walikuwemo familia za kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Miongoni mwao wamo walokole, na wapo waliokwisha kupita usaili na vipimo vyote. Mpango wa dawa za ukimwi, ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003 kwa msukumo mkubwa wa makanisa hayohayo, nao uliingia kwenye misukosuko, na kliniki za Uganda, Kenya na Tanzania zikayaona matokeo kwenye dirisha la dawa.

Wapo wahafidhina wa Kikristo waliopaza sauti, Russell Moore miongoni mwao, aliyekuja kuwa mhariri mkuu wa Christianity Today baada ya Galli. Lakini wao walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kama maadui tangu Mei 2016, Trump alipomwita Moore mtu mbaya asiye na moyo. Walio na sikio la rais ni upande wa pili, ule uliotia sahihi barua ya kumtetea. Hao wanaweza kuomba safari za familia za Nyarugusu zirudishwe bila kubadilisha kura yao hata moja.