Daktari wa samaki mlipe, lakini aje alfajiri

Ng'ombe wa maziwa akigoma kula huku kwetu Maseno, daktari wa mifugo anapigiwa simu kabla chai haijaiva, na hakuna anayebishana naye juu ya nauli ya pikipiki. Samaki mia wakielea asubuhi, mwenye bwawa anakimbilia duka la dawa za mifugo, anaeleza kwa mdomo, anauziwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini akachanganye na chakula. Mwambie aite mtaalamu, atakuuliza: nilipe maelfu mtu aje kuangalia maji?

Ndiyo, alipe, na ni kwa sababu ya hayo maji. Mara nyingi samaki hana ugonjwa wowote. Bwawa ndilo limeharibika, na bwawa halipandi matatu. Ukichota maji kwa chupa ya soda ukayapeleka Kisumu, oksijeni itakayopimwa huko si ile waliyokuwa wakiivuta samaki wako. Samaki aliyekwisha kufa naye huoza upesi, na bakteria wa uozo huficha kilichomuua. Daktari anamtaka aliye hai bado, anayeyumbayumba, amkwangue kamasi na kipande cha matamvua, aviweke chini ya hadubini palepale ukingoni.

Ila saa ya kuja ina maana kuliko shahada yake. Maji ya kijani kibichi yamejaa mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku nao huivuta, ukishindana na samaki. Alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu, inakuwa imebaki kidogo mno, ndipo unawaona ngege (tilapia) wamepanda juu wakihema midomo wazi. Kambare wanavumilia, maana wao huvuta hewa ya juu pia. Kufikia saa sita mchana jua limefanya kazi yake na kipimo kinaweza kusoma vizuri kabisa. Mtaalamu anayefika saa hiyo, akatazama, akaandika antibiotiki, amekula pesa yako. Vizimba vya kufugia samaki Ziwa Victoria navyo havijasalimika: mwishoni mwa 2022 samaki walikufa kwa wingi upande wa Kisumu, na lililotajwa ni upungufu wa oksijeni. Dawa ya bakteria ingesaidia nini hapo?

Hesabu yenyewe ni hii. Bwawa la mita 300 za mraba huwekwa vifaranga 1,000. Wakivuka 800 wa gramu 300, una kilo 240. Ukiuza kilo shilingi 400, tuseme, ni 96,000, na sehemu kubwa ya hizo tayari imeliwa na chakula. Ada ya 5,000 inauma, sikatai. Lakini haiumi ukiilipa kabla ya kuweka vifaranga, daktari akague chanzo cha maji na vifaranga wenyewe. Virusi vya tilapia vikishaingia bwawani havina dawa, hata umlete profesa.

Mwenye kidimbwi kimoja cha kitoweo cha nyumbani simshauri atumie pesa hizo. Aanze na afisa wa uvuvi wa kaunti. Akisubiri, asitishe chakula, aingize maji safi, na atumbukize mkono hadi kiwiko: asipoviona vidole, kijani kimezidi. (Serikali ilipochimba mabwawa 200 kwa kila eneo bunge mwaka 2009, katika maeneo bunge 140, laiti hili la mkono lingefundishwa kwa bidii ile ile ya majembe.)

Wenye mabwawa yanayopakana wachange, mtaalamu azunguke yote kwa nauli moja. Kwenye simu mwulizeni mambo mawili: ana kipimo cha oksijeni, na atalala wapi usiku huo? Akisema atatoka mjini baada ya kifungua kinywa, tafuteni mwingine.