Kwani Hukuona Kwenye Grupu?

Wiki moja kabla ya Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, nilimkuta shangazi yangu Makunduchi, kusini mwa Unguja, amekaa barazani, miguu bado ina tope la pwani, hasemi na mtu. Tangu maji yalipokupwa asubuhi alikuwa huko chini akifukua makumbi yake ya nazi, ya kusokotea kamba. Wakati wa kurudi, mzigo kichwani, akapishana na wanaume wa kanzu wanatoka makaburini. Akamuuliza mtoto njiani nani kafa. Kumbe ni jirani yake wa nyumba ya nne, mwanamke aliyepiga naye makumbi tangu wote wawili wana meno yao. Akanawa mikono, akakimbilia msibani. Pale mlangoni kijana mmoja akamwambia: "Kwani bi mkubwa hukuona kwenye grupu?"

Shangazi ana simu ya kitochi. Grupu ataliona wapi, kwenye mwanga wa tochi?

Naandika nina hasira na msinitulize. Kifo kilitangazwa kwenye grupu la WhatsApp la kijiji alfajiri, watu hata chai hawajanywa. Kufika saa mbili vile vimikono vya dua vilishajaa hadi huoni mwisho wake, vingine kutoka kwa watu walio Toronto. Aliye Kanada kajua. Aliye nyumba ya nne hakujua. Kutoka msibani hadi kwa shangazi ni dakika mbili kwa miguu, tatu kama unasalimia watu, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka, kwa sababu kila mmoja aliona tangazo kwa macho yake akahesabu dunia nzima imeliona.

Na tangazo lenyewe, jamani! "Mzee wetu ametutoka, maziko saa saba." Mzee wetu yupi? Sisi tuliolelewa na matangazo ya vifo ya redio tunajua tangazo linavyotakiwa kuwa. Marehemu ni mke wa fulani, mama wa fulani na fulani, dada wa fulani wa Kizimkazi, mkwe wa fulani wa Jambiani, anazikwa wapi, saa ngapi, na habari ziwafikie jamaa popote walipo. Shangazi husikiliza matangazo hayo kaacha kila kitu, kisu kimeganda juu ya muhogo, anafuata ukoo kwa kidole hewani. Mara nyingi hamjui marehemu kabisa, lakini likitajwa jina la sita au la saba hushtuka: "Aa, huyu wetu!" Ndani ya dakika moja unajua aliyekufa ni nani na wewe ni nani kwake. Sasa tunaletewa picha ya maua.

Lakini kilichoniuma hasa ni kwamba haya yametokea Makunduchi, tena kuelekea Mwaka. Watu wa mbali wanaujua Mwaka kwa ile migomba tu, wanaume wanavyochapana nayo kumaliza vinyongo vya mwaka mzima, na kile kibanda cha makuti kinachotiwa moto. Sisi tunajua jambo jingine pia, kwamba siku ya Mwaka mtu kukosa mgeni ni mkosi. Unatoka njiani unamshika mkono mtu usiyemjua, Mzungu, Mpemba, yeyote, unamwingiza ndani ale. Basi nielezeni, kijiji kisichokubali mgeni asiyejulikana apite bila kula kinawezaje kumwacha bibi wa miaka sabini na kitu apishane na mzigo wake na waliotoka kumzika shoga yake bila kujua? Ukarimu huo tumewawekea wageni peke yao? Mimi nilifundishwa kwamba kuambiwa ni sehemu ya shughuli. Anayetumwa kukuambia ndiye anayekuonesha kuwa umehesabiwa. Usipoambiwa, hata ukija ukakaa mkekani, umejileta.

Haya, nitakubali, maana najua mtaandika. Grupu hilohilo lilichangisha nauli na dawa za mtoto wa mtaa wa pili kwa usiku mmoja, na redio isingeweza. Sawa. Asanteni. Lakini hilo halihusiani na miguu yenu.

(Siku hizi kuna hata anayeuliza humo "Mwaka ni lini mwaka huu?" Nairuzi, kalenda ya huu Mwaka, ina siku 365 kamili bila ya nyongeza, inasogea polepole mno, na tangu nizaliwe haijatoka Julai. Muulize bibi yako, anakaa chumba cha pili.)

Siku ya Mwaka yenyewe shangazi alikwenda, kajifunga kanga mpya. Wanaume wakapigana na migomba yao, wakachoka. Wanawake wakaanza nyimbo zao za vijembe, na shangazi, ambaye sauti yake imebaki nusu, akaingiza neno "grupu" mahali ambapo kwa kawaida huwekwa jina la mwanamume asiyejiweza. Kundi zima likaitikia. Mama wa yule kijana wa mlangoni alicheka hadi akashika goti. Nadhani lilimtoka shangazi kidogo moyoni, ingawa njiani kurudi alitaka tupite upande wa makaburini, akasimama pale muda mrefu bila kusema kitu.

Jana imeingia habari kwamba khitma ya arubaini ya jirani ni Jumapili baada ya alasiri. Imeingia wapi? Mnajua wapi. Mimi niko mjini, nikampigia shangazi mara tatu, hapokei, bila shaka yuko pwani. Nikampigia kijana wa nyumba ya jirani, nikamwomba aende akamwambie kwa mdomo, mlango wenyewe anauona kutoka kwao.

Akasema, "Usijali kaka, naandika kwenye grupu sasa hivi."